Programu Huria Katika Nyumba ya Kupanga

Simu nyingi zinazobebwa mifukoni Afrika Mashariki hivi leo hutumia mfumo uitwao Android, na kiini cha mfumo huo ni programu iitwayo Linux, ambayo haina mwenyewe mmoja. Mtu yeyote anaruhusiwa kusoma jinsi Linux ilivyoandikwa, kuibadili apendavyo, na kumpa mwenzake nakala bila ya kuomba idhini ya mtu. Programu za namna hiyo huitwa programu huria. Watungaji wake wametawanyika duniani kote, na wengi wao hawajapata kuonana ana kwa ana. Wengine miongoni mwao waliingia katika kazi hii kwa makusudi ya kujiepusha na makampuni yanayouza programu huku yakificha namna zilivyotungwa.

Hata hivyo, mtu akichunguza mahali ambapo watungaji hao hukutana ili kufanya kazi zao, atakuta jambo la kushangaza. Wengi wao hukutana katika majukwaa ya mtandaoni yaliyo mali ya makampuni, na programu zinazoendesha majukwaa hayo ni siri ya makampuni hayo hayo. Jukwaa kubwa kuliko yote ni GitHub, lililofunguliwa mwaka 2008. Mwaka 2018 lilinunuliwa na kampuni ya Microsoft kwa hisa zenye thamani ya dola za Marekani bilioni 7.5, na mapema mwaka 2023 lilitangaza kwamba watumiaji wake wamefika milioni 100. Hali hii yafanana na ya wakulima walioanzisha chama cha ushirika ili wasiwategemee wafanyabiashara, kisha wakawa wanafanyia mikutano yao yote, na kuhifadhi daftari zao zote, katika duka la mfanyabiashara mmoja.

Wako wanaodai kwamba huo ni unafiki, na wako wanaosema kuwa ni uvivu. Madai yote mawili hayafiki kwenye mzizi wa jambo. Ili kuuona mzizi huo, yafaa kwanza kueleza programu huria ni nini hasa, na kisha kutenganisha vitu ambavyo leseni ya programu hiyo inavilinda na vile ambavyo haivigusi.

Bure na huria

Kila programu ya kompyuta huanza kama maandishi ambayo mtungaji huyaandika kwa lugha maalumu. Maandishi hayo huitwa chanzo cha programu. Kabla ya kutumiwa, chanzo hicho kwa kawaida hugeuzwa kuwa tarakimu ambazo mashine huzifuata, lakini ambazo binadamu hawezi kuzisoma kwa urahisi. Kampuni inayouza programu mara nyingi humpa mnunuzi tarakimu tu, na chanzo hubaki nacho yenyewe. Mnunuzi wa programu hiyo ni kama mtu aliyeuziwa mchuzi uliokwisha pikwa: akiona chumvi imezidi, hana la kufanya ila kurudi kwa mpishi na kumwomba apike upya.

Mwaka 1983 Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, alitangaza mradi wa kutunga mfumo mzima wa kompyuta ambao chanzo chake kingekuwa wazi kwa wote. Mradi huo aliuita GNU. Mwaka 1989 ilitolewa leseni ya mradi huo, ambayo ilimpa kila mpokeaji haki ya kutumia, kuchunguza, kubadili na kugawa programu, kwa sharti kwamba akigawa naye awape wenzake haki zile zile. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alianza kutoa Linux, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni hiyo.

Katika jambo hili lugha ya Kiswahili ina faida moja. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa, na kwa sababu hiyo wafuasi wa Stallman wamelazimika kueleza maana yao tena na tena. Kiswahili kina maneno mawili: bure na huria. Kitu cha bure hakilipiwi. Kitu huria hakina bwana wa kukuzuia. Programu yaweza kuwa huria na bado ikauzwa. Vile vile huduma yaweza kutolewa bure na isiwe huria hata kidogo. Msomaji akiishika tofauti hiyo atakuwa ameshika ufunguo wa makala haya, kwa maana jukwaa kama GitHub ni bure kwa miradi iliyo wazi, lakini si huria.

Somo la mwaka 2005

Swali la kutegemea kitu cha bure kisicho huria si geni. Liliwapata watungaji wa Linux wenyewe.

Kazi ya kutunga programu kubwa huhitaji chombo cha kuweka kumbukumbu ya kila badiliko: nani alibadili mstari gani, lini, na kwa sababu gani. Pasipo chombo hicho, watu mia wakifanya kazi pamoja huharibiana. Mwaka 2002 Torvalds aliamua kutumia chombo kiitwacho BitKeeper, ambacho kilikuwa mali ya kampuni. Kampuni iliwaruhusu watungaji wa programu huria kukitumia bure, kwa masharti, na mojawapo ya masharti hayo ni kwamba mtumiaji asishiriki kutengeneza chombo cha kushindana nacho. Baadhi ya wenzake Torvalds walipinga uamuzi huo. Yeye alijibu kwa hoja ya fundi, kwamba chombo hicho kilikuwa bora kuliko vyombo huria vilivyokuwapo wakati ule.

Mwaka 2005 mtungaji mmoja wa Australia, Andrew Tridgell, alianza kutunga programu huria ya kuwasiliana na BitKeeper. Kampuni haikupendezwa, ikaondoa ruhusa ya matumizi ya bure. Kwa hiyo mradi ulioshirikisha watu wa mabara yote ulipoteza daftari lake kwa uamuzi wa kampuni moja. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo Torvalds alianza kutunga chombo kipya, Git, na katika siku chache tu kikawa kinaweka kumbukumbu za maandishi yake chenyewe. Mwezi wa Juni toleo la Linux lilitoka likiwa limeandaliwa kwa Git.

Git ina sifa moja muhimu kwa jambo hili. Haina makao makuu ya lazima. Kila mfanyakazi anapochukua nakala ya mradi, huchukua pia historia yake yote tangu siku ya kwanza. Nyumba moja ikiungua, historia haipotei, kwa kuwa imo katika nyumba nyingine elfu. Ilitazamiwa kwamba kuanzia hapo hapatakuwa tena na haja ya kumtegemea mwenye nyumba yeyote. Miaka mitatu baadaye GitHub ilifunguliwa, na chombo kilichotungwa ili kusiwe na makao makuu kikawa msingi wa makao makuu makubwa kuliko yote yaliyopata kuonekana katika kazi hii.

Kinachonakilika na kisichonakilika

Je, ilikuwaje? Jibu lake ni kwamba mradi wa programu huria umeundwa kwa vitu vya aina mbili, na leseni huvifikia vya aina moja tu.

Aina ya kwanza ni chanzo chenyewe pamoja na historia yake. Hivi ni maandishi, na maandishi hunakilika bila gharama. Leseni inatoa haki ya kuvinakili, na Git inatoa njia.

Aina ya pili ni mambo yanayokizunguka chanzo. Kuna taarifa za kasoro ambazo watumiaji huzileta, mijadala ya jinsi ya kuzirekebisha, na maoni ya wakaguzi juu ya kila badiliko lililopendekezwa. Kuna orodha ya watu wanaoaminiwa kuingiza mabadiliko. Kuna anwani ambayo watu wamezoea kuifuata, na jina linalojulikana. Juu ya yote kuna watu wenyewe, waliozoea kukutana mahali pale. Mambo haya mengi hayamo ndani ya Git. Yamo katika hazina ya jukwaa, na hutolewa humo kwa utaratibu ambao mwenye jukwaa ameupanga.

Kisa cha programu ya ofisi iitwayo OpenOffice.org chaonyesha tofauti hiyo waziwazi, na kinawahusu wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kilishiriki kutoa toleo la Kiswahili la programu hiyo kwa jina la Jambo OpenOffice. Tafsiri hiyo iliwezekana kwa sababu chanzo kilikuwa huria. Hapakuwa na haja ya kumbembeleza mwenye mali. Lakini jina la OpenOffice.org na makao yake ya mtandaoni vilikuwa mikononi mwa kampuni ya Sun, na mwaka 2010 Sun ilinunuliwa na kampuni ya Oracle. Mwezi wa Septemba mwaka huo watungaji wengi, kwa kutoridhika na mwelekeo wa mambo, walijitenga. Chanzo waliondoka nacho bila kizuizi. Jina hawakuweza kuondoka nalo, wakalazimika kuanza upya kwa jina la LibreOffice na kuwatangazia watumiaji wa dunia nzima kwamba programu waliyoizoea sasa inapatikana kwingine. Leseni ililinda chanzo. Haikulinda jina, anwani wala mazoea ya watu.

Hesabu ya kuhama

Pengine msomaji atauliza kwa nini watu wasihame mapema, kabla ya shida kutokea. Hapa hesabu ndogo ya darasani itasaidia.

Tuseme darasa lina wanafunzi 40, na kila mmoja aweza kushauriana na kila mwenzake. Idadi ya jozi zinazoweza kushauriana hupatikana kwa kuzidisha 40 kwa 39 na kugawa kwa 2, yaani jozi 780. Sasa wanafunzi 10 wakihamia chumba kingine, waliobaki 30 watakuwa na jozi 435, na waliohama 10 watakuwa na jozi 45. Jumla ni 480. Jozi 300 zimekatika, ingawa hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeacha shule.

Jambo la pili katika hesabu hii ni kubwa zaidi. Kila mwanafunzi aliyebaki alikuwa na wenzake 39 na sasa ana 29. Kila aliyehama alikuwa na 39 na sasa ana 9. Hasara imewaangukia wote, lakini imewalemea zaidi wale waliohama. Na mwanafunzi atakayehama peke yake atabaki na sifuri. Kwa hiyo hata kama wanafunzi wote 40 wangekubaliana kwamba chumba cha pili ni bora, kila mmoja akijifikiria peke yake ataona heri abaki. Wataalamu wa uchumi huita hali hii nguvu ya mtandao: thamani ya mahali huongezeka kwa kadiri ya watu waliopo, na kila anayeingia humvuta mwingine.

Ndivyo ilivyo kwa watungaji wa programu. Kijana anayejifunza kazi hii huenda palipo na miradi, miradi huenda palipo na vijana, na waajiri hutazama huko huko kuona kazi za vijana hao. Hakuna aliyelazimishwa. Kila mmoja amefanya uamuzi wa busara kwa upande wake, na jumla ya maamuzi hayo ya busara ni utegemezi ambao pengine hakuna aliyeukusudia.

Gharama ya nyumba yako mwenyewe

Sababu nyingine ni gharama. Chanzo cha programu hakihitaji kulishwa, kikishaandikwa, kimeandikwa. Jukwaa ni kitu kingine. Linahitaji kompyuta za kutoa huduma, ziitwazo seva, zinazofanya kazi usiku na mchana; linahitaji umeme, nafasi ya kuhifadhia, na watu wa kuamka saa nane za usiku pindi mambo yanapoharibika. Hapana budi pia walindwe watumiaji dhidi ya wezi na waharibifu.

Mwezi wa Agosti mwaka 2011 iligunduliwa kwamba wavamizi walikuwa wameingia katika seva za kernel.org, ambazo ndizo makao ya Linux yaliyoendeshwa na wenyewe. Makao hayo yalifungwa kwa majuma kadhaa. Chanzo hakikudhurika, kwa kuwa Git huweka alama ya kihesabu kwa kila badiliko, na maelfu ya nakala zilizotawanyika zingemfichua mara moja yeyote aliyegusa kitu. Hata hivyo, wakati wa matengenezo Torvalds alihitaji mahali pa kuweka kazi yake, akaiweka kwa muda katika GitHub. Hata mwenye nyumba yake mwenyewe hujikuta akiomba hifadhi kwa jirani aliye tajiri.

Watungaji wa lugha ya kompyuta iitwayo Python, ambayo hufundishwa katika vyuo na shule nyingi, nao walikuwa na makao yao wenyewe, yaliyojengwa kwa vyombo huria. Mwanzoni mwa mwaka 2016 walifikia uamuzi wa kuhamia GitHub, na mwaka 2017 chanzo kikahamishwa. Mwaka 2022 taarifa za kasoro nazo zikafuata. Waliohama hawakuwa wamesahau maana ya uhuria. Wanaofanya kazi hiyo kwa kujitolea wana saa chache kwa juma, na kila saa inayotumika kutunza seva ni saa iliyoondolewa katika kuitunza Python yenyewe. Isitoshe, mgeni anayetaka kuchangia rekebisho dogo alikuwa amekwisha kuzoea GitHub, na hakuona sababu ya kujifunza utaratibu mwingine kwa ajili ya mstari mmoja wa maandishi.

Hatari za mpangaji

Mpangaji wa nyumba hukabiliwa na hatari tatu: mwenye nyumba aweza kuifunga, aweza kubadili tabia, au aweza kubanwa na sheria ambazo mpangaji hakushiriki kuzitunga. Zote tatu zimekwisha kutokea.

Kufungwa kulitokea kwa jukwaa la Google Code, lililofunguliwa na kampuni ya Google mwaka 2006. Mwezi wa Machi mwaka 2015 kampuni ilitangaza kwamba jukwaa litafungwa, na mwezi wa Januari mwaka 2016 likafungwa. Kampuni ilieleza kwamba miradi yake yenyewe ipatayo karibu elfu moja ilikuwa imekwisha kuhamia GitHub. Hata kampuni tajiri kama hiyo haikuweza kushindana na nguvu ya mtandao iliyoelezwa hapo juu.

Kubadilika kwa tabia kulionekana katika SourceForge, jukwaa lililofunguliwa mwaka 1999 na ambalo kwa miaka mingi ndilo lililokuwa kubwa kuliko mengine. Biashara ilipopungua, waliolimiliki wakati ule walianza mpango wa kufungasha matangazo na programu zisizotakiwa pamoja na programu ambazo watu walikuja kuzichukua. Mwaka 2015 ilibainika kwamba hata programu huria ya picha iitwayo GIMP ilikuwa ikitolewa kwa namna hiyo, ingawa watunzaji wake walikuwa wamekwisha kuondoka. Mwaka 2016 jukwaa lilipata mmiliki mpya, na mpango huo ukakomeshwa. Lakini imani iliyovunjika haikurudi kama zamani.

Hatari ya tatu ndiyo inayostahili kufikiriwa zaidi na nchi zinazoendelea. Mwezi wa Julai mwaka 2019 watungaji walioko Iran, Syria na Crimea walikuta kwamba GitHub imewafungia maghala yao ya faragha na huduma za kulipiwa. Maghala yaliyo wazi kwa umma yaliachwa. Kampuni ilieleza kwamba hiyo ni amri ya sheria za Marekani za vikwazo vya biashara, na kwamba kampuni iliyosajiliwa huko haina hiari. Kwa upande wa Iran ruhusa ilipatikana kutoka serikali ya Marekani mwezi wa Januari mwaka 2021. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, basi, watu ambao hawakutenda kosa lolote walitenganishwa na kazi zao kwa sababu ya mahali walipozaliwa au wanapoishi.

Mwaka 2020 ilitokea tena kwa njia nyingine. Mwezi wa Oktoba chama cha makampuni ya muziki ya Marekani kilidai kwamba programu huria iitwayo youtube-dl inavunja sheria ya hakimiliki, na GitHub ikaiondoa. Baada ya wanasheria kutoa hoja za upande wa pili, ilirudishwa mwezi wa Novemba. Wakati wote huo nakala za chanzo zilikuwa zikisambaa kwingineko. Kilichofungwa ni mlango ambao watungaji na watumiaji wake walikuwa wakikutania.

Afrika Mashariki katika jambo hili

Mambo haya si ya mbali. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uitwao OpenMRS, unaotumika katika nchi nyingi, ulianza kazi katika mji wa Eldoret nchini Kenya mwaka 2006. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha katika ramani, ilitungwa Kenya mwezi wa Januari mwaka 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi. Mfumo wa takwimu za afya uitwao DHIS2, ambao makao yake ni Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, hutumiwa na wizara za afya Tanzania, Kenya na Uganda. Mifumo yote mitatu ni huria, na chanzo cha yote mitatu kimewekwa katika GitHub.

Kwa watungaji wa huku faida ni dhahiri. Kijana wa Mwanza au Kisumu mwenye kompyuta ndogo na vifurushi vya intaneti aweza kuchangia mradi mkubwa bila ya kulipia seva, na jina lake likaonekana duniani. Ni haki kusema kwamba kama majukwaa haya yasingekuwapo, njia yake ingekuwa ndefu zaidi. Lakini hana budi kujua pia kwamba mkutano anaohudhuria unafanyika chini ya sheria za nchi nyingine, na kwamba waliofungiwa mlango mwaka 2019 walikuwa vijana kama yeye.

Njia zinazojaribiwa

Kuna jamii zilizoamua kujenga. Debian na GNOME zilihamia katika majukwaa yao wenyewe mwaka 2018, na KDE mwaka 2020, zikitumia programu ya GitLab, ambayo sehemu yake ya msingi ni huria na yaweza kuwekwa katika seva ya mtu yeyote. Hizi ni jamii kubwa zenye watu na fedha za kutosha. Watungaji wa Linux nao wameendelea na desturi yao ya kupelekeana mabadiliko kwa barua pepe, na nakala iliyoko GitHub ni ya kuonyesha tu.

Kuna njia ya ushirika. Mjini Berlin, Ujerumani, kipo chama kisicho cha faida kiitwacho Codeberg ambacho huendesha jukwaa kwa michango ya wanachama wake, na programu inayoliendesha ni huria. Mwezi wa Novemba mwaka 2025 mradi wa lugha ya kompyuta iitwayo Zig ulitangaza kuhama kutoka GitHub kwenda huko. Walihama wakiwa kundi zima, na hesabu ya darasani iliyotolewa hapo juu yaonyesha kwa nini: kundi zima likihama pamoja, jozi za ndani ya kundi hazikatiki hata moja.

Njia ya tatu ni kutumia taratibu za mawasiliano zisizo mali ya mtu. Mwenye laini ya simu ya kampuni moja aweza kumpigia mwenye laini ya kampuni nyingine, kwa kuwa makampuni yote hufuata utaratibu mmoja. Mwezi wa Mei mwaka 2021 mtandao wa mazungumzo uitwao Freenode, uliotumiwa na miradi mingi huria, uliingia katika mgogoro wa umiliki. Wahudumu wake wa kujitolea walijiuzulu na kufungua mtandao mpya, Libera.Chat. Miradi mingi, ikiwamo Wikimedia na Ubuntu, ilihama upesi, kwa kuwa utaratibu wa mazungumzo ulikuwa ule ule wa zamani ulio wazi, na mtumiaji alihitaji kubadili anwani ya seva tu. Ikumbukwe pia kwamba Freenode haikuwa jukwaa la siri. Nyumba ya ushirika nayo yaweza kunyang'anywa. Kinachomwokoa mpangaji ni urahisi wa kuhama.

Wale wasioweza kuhama kwa sasa nao wana la kufanya. Waweza kuwa na anwani yao wenyewe ya mtandaoni, ili watumiaji wafuate anwani hiyo na si ya mwenye nyumba. Waweza kunakili mara kwa mara taarifa za kasoro na mijadala, na kuzihifadhi mahali pengine pamoja na chanzo. Waweza kukubaliana mapema watakutana wapi iwapo mlango utafungwa. Mambo haya matatu hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji kufanywa kabla ya siku ya shida.

Hitimisho

Watungaji wa programu huria wamebaki katika majukwaa ya makampuni kwa sababu uhuria wao ulijengwa juu ya kitu kinachonakilika, ilhali mkutano wa watu haunakiliki. Leseni ya mwaka 1989 ilitatua swali la wakati wake, yaani nani ana haki juu ya maandishi. Swali la nani mwenye ukumbi lilikuwa bado halijaulizwa. Sasa limeulizwa, na majibu ya visa vilivyoelezwa hapa yanafanana: aliyetunza nakala zake aliondoka na kazi yake, na walioondoka pamoja walibaki jamii moja.

Maswali ya darasani

1. Darasa lina wanafunzi 50. Tafuta idadi ya jozi. Kisha tafuta jozi zitakazokatika iwapo wanafunzi 5 watahama, na iwapo 25 watahama. Eleza kwa nini ni vigumu zaidi kuwa miongoni mwa watano wa kwanza.

2. Taja huduma mbili za mtandaoni ambazo ni bure lakini si huria. Ni vitu gani vyako vilivyomo humo ambavyo usingeweza kuondoka navyo?

3. Klabu ya sayansi ya shule inahifadhi kumbukumbu zake zote katika jukwaa la kampuni. Andika mpango wa hatua tatu ambao utaiwezesha klabu kuendelea iwapo jukwaa hilo litafungwa kesho.